Isaka, Is-haka au Ishaka?

Swali: Tumejaliwa mtoto wa kiume, tukamwita Isaka. Shangazi yake anashikilia kwamba jina lenyewe ni Ishaka na kwamba maana yake ni "kicheko". Je, ni kweli?

Jibu: Hongereni kwa mtoto. Shangazi amekaribia ukweli, ila hajaufikia.

Jina la Kiebrania ni Yitzhak, nalo si nomino bali ni kitenzi kizima: y- ya mwanzo inafanya kazi ya kiambishi chetu a-, na mzizi unaofuata ni wa kucheka, kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi ni "anacheka" au "atacheka". Wanyakyusa hawatalishangaa, kwani nao humwita mtoto Atupele, yaani "ametupa", bila kumtaja aliyetoa. Ni nani basi anayecheka? Katika Mwanzo 17:17 anacheka Ibrahimu, anayejiuliza kama mtu wa miaka 100 atapata mwana na mke wa miaka 90. Katika 18:12 anacheka Sara. Na katika Kurani, Sura Hud aya ya 71, mke huyohuyo anacheka na kubashiriwa Is-haka.

Kitenzi hicho kina upande mkali pia. Katika Mwanzo 21:9, mzizi uleule unatumika kwa mwana wa Hajiri, na Biblia ya Union Version imeandika "anafanya dhihaka". Chaguo hilo hunifurahisha kila ninapolisoma, kwa sababu dhihaka tumelipata katika kitenzi cha Kiarabu cha kucheka, ambacho huhesabiwa kuwa ndugu wa kile cha Kiebrania. Mtoto wenu na dhihaka ni wa ukoo mmoja, ingawa sishauri mumtanie hivyo.

Kuhusu umbo, Isaka limepitia Kigiriki, ambacho hakikuwa na herufi ya h ile ya kooni, na kwa hiyo kikaandika Isaak. Kiarabu kiliihifadhi h hiyo, nasi tukapata Is-haka, ambamo s na h ni sauti mbili za silabi mbili. Kistari kipo ili zisisomwe kama sh ya "ishara". Ishaka lilizaliwa kistari kilipoachwa. Wapo watu wazima wengi wanaoitwa hivyo, na simwambii yeyote kati yao kwamba jina lake limekosewa.

Mkibaki na Isaka, hamjakosea. Mkiamua kumridhisha shangazi kwa Is-haka, hakikisheni kistari kimo katika cheti cha kuzaliwa kabla hamjaondoka dirishani.