Msifute kikao cha Jumamosi

Dada, nimekuelewa: kikundi chenu cha mtaa kinatengeneza mboji kwa taka za jikoni, na wenzako wanataka kikao cha Jumamosi kifutwe, kijana alipwe azoe taka, mengine yaishie WhatsApp. Muda mtaokoa, sikatai. Ila ningekuwa mimi, ningegoma.

Mboji haifundishiki kwa picha. Unaichota, unaikamua kiganjani: maji yakichuruzika imelowa mno, ongezeni majani makavu, isiposhikamana kabisa, nyunyizeni maji. Mgeni hulijua hilo akisimama ubavuni mwa mzoefu. Na hapo hapo ndipo mnaposikia nani anauguza, nani ana miche ya ziada ya sukuma wiki.

Michango ipelekeni kwenye simu, hiyo haina ubishi. Kikao kifupisheni, kianze kabla jua halijawa kali, kazi kwanza, soga baadaye (soga msizizuie). Wenye zamu kazini wapewe siku yao ya kupindua mboji.

Nyama na samaki visiingie, vitaita panya, na jirani asiye mwanachama atawashtaki kwa serikali ya mtaa. Fedha zikikua, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu katiba na usajili kabla hamjaanza kutiliana shaka.