Jua linawaka, watu wanacheka, wewe kaza skrubu

Wiki hii kuna dada kanitumia meseji, kimbunga kimetangazwa kwao na mumewe anamwambia nyumba yetu ya tofali na zege haina haja ya mahangaiko, tubandike tu selotepu kwenye vioo basi. Nimesoma nikacheka, halafu nikakasirika, manake shemeji yangu aliniambia maneno hayo hayo mbele za watu nikiwa juu ya ngazi naziba madirisha, kimbunga kilipotangazwa kwetu.

Dada nakujibu hapa ili na wengine wasikie. Selotepu haizuii kitu, kioo kikivunjika kinakuja na vipande vikubwa zaidi, ndo faida yake hiyo. Paa mara nyingi linang'oka kwasababu upepo umepata pa kuingilia, dirisha moja tu likipasuka upepo unajaa ndani unalisukuma paa kutokea chini na ule wa nje unalivuta juu, hapo zege la mumeo halisaidii. Kwahiyo ziba. Plaiwudi nene ya milimita 16 hivi, ikatwe mapema kwa kipimo cha kila dirisha, itobolewe na iandikwe namba, siku ikifika unakaza skrubu tu. Mlango wa gereji nao uutie nguvu, ule ni mpana na ndo unawahi kusalimu amri. Kama bado unajenga mwambie fundi afunge kenchi kwenye ukuta kwa vyuma, misumari peke yake hapana. Na lile la kuacha dirisha moja wazi eti presha itoke, aliyelianzisha hakulala ndani ya nyumba hiyo.

Mimi nilianza kuziba madirisha jua likiwa kali na anga halina hata wingu, shemeji akaita watu waje waone. Nikaingiza ndani viti, vyungu vya maua, mbao, kila kilicholegea, manake kimbunga daraja la 1 kinaanzia kilomita 119 kwa saa, na upepo ukiongeza kasi mara mbili msukumo wake unakuwa mara nne. Watu wakisikia daraja la 1 wanaona utani. Daraja la 5 ni kuanzia 252, fikiria mwenyewe.

Usiku wenyewe tulikaa kwenye korido katikati ya nyumba, mbali na madirisha, milango ya vyumba vyote tumeifunga manake hiyo nayo inalipunguzia paa mzigo, watoto wamelala na viatu. Na shemeji yupo! Alikuja jioni na familia yake na magodoro, sikumuuliza kitu, nikamfungulia. Basi katikati ya usiku ghafla kimyaaa. Shemeji akasimama, limeisha hilo, twende tukaone nje. Nikamzibia mlango. Lilikuwa jicho la kimbunga, ile sehemu tulivu ya katikati, linapita juu yetu, jicho linaweza kuwa na upana wa kilomita 30 hadi 60, unatulia hata nyota unaziona, halafu ukuta wa pili wa kimbunga unafika na upepo unaotoka upande wa pili kabisa. Ulipofika mti mkubwa ukalala palepale uani. Hajanishukuru mpaka leo. Haina shida, lakini nakumbuka.

Ila haya yote ni ya upepo. Ukiwa bondeni au karibu na bahari na wameshatangaza watu waondoke, ondoka, plaiwudi haizuii bahari. Kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019 mito ya Buzi na Pungwe ilifurika mpaka nchi kavu ikawa kama ziwa. Maji yanayokimbia ya sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima, 60 yanabeba gari, na mtu anakwambia anaijua hiyo barabara tangu utoto.

Asubuhi yake ndo kazi inaanza, na hapa wengi hawajiandai kabisa. Umeme hakuna, bomba halitoi. Weka maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za siku tatu ni kidogo sana, ukiweza fikisha wiki mbili, na ya chooni jaza pembeni. Maji ya kunywa yakiisha chemsha, au bulichi isiyo na manukato matone mawili kwa lita moja na usubiri nusu saa. Friji usilifungue fungue, likifungwa linashika ubaridi kama masaa manne, friza iliyojaa inafika masaa 48. Waya ulioanguka usiusogelee hata kama mtaa mzima hauna umeme.

Na jenereta jamani. Watu wanapona kimbunga halafu wanakufa usingizini kwasababu wameiweka barazani isilowe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu, haina rangi, huioni ikiingia. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye dirisha lolote, na mvua ikinyesha zima mlale giza.