Kanda za Zamani Zikikuchosha, Usizitupe Kwanza

Wiki iliyopita msomaji wa Ujiji ameniandikia: "Kaka, nimerithi kanda za baba, karibu zote muziki wa dansi. Zamani nikizisikia nilikuwa nalia, sasa nikiweka nasinzia. Nizitupe?" Sikumjibu siku ile. Swali lilinigusa pabaya.

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha kurekodi kanda hapa Isevya, Tabora. Mteja alikuwa analeta kanda tupu na kikaratasi chenye orodha ya nyimbo, jioni anakuja kuchukua. Kujisifu hakupendezi, lakini huu ni mji wa bendi ya Tabora Jazz na mtindo wake wa segere matata, na harusi nyingi za mtaani kwetu zimechezwa kwa kanda zilizotoka mikononi mwangu. Sasa mwaka jana, kwenye kikao cha familia, kijana wetu mmoja akazima redio yangu katikati ya chemko, pale wimbo unapochangamka watu wacheze. "Baba mdogo, hii ngoma imekufa." Watu wakacheka! Sijamsamehe mpaka leo. Na kilichoniuma zaidi, hata mimi nilikuwa nimeshaichoka, ila nilikuwa sijathubutu kutamka.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu: chunguzeni kanda kabla ya kuulaumu wimbo. Utepe wa kaseti haufiki upana wa milimita 4, na unapita kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Uchafu kidogo tu kwenye hedi unameza sauti zote za juu. Chukua pamba na spiriti, futa hedi na kile kigurudumu cha mpira. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Izungushe taratibu wimbo ukilia, mpaka "s" za mwimbaji zisikike kali. Kanda yangu niliyozimiwa ilizinduka hivyo hivyo, saksofoni ikajitokeza kama mgeni aliyekuwa amejificha uani.

Kanda za dakika 90 ziendee polepole, unene wa utepe wake ni mdogo kuliko wa dakika 60. Na kama ni nakala ya nakala, basi kila aliyedabu, yaani aliyeinakili, ameongeza shhh yake. Tafuta iliyo karibu zaidi na chanzo.

Tena acheni kusikilizia kwenye spika ya simu! Gitaa la besi halimo kabisa mle, mnabaki na solo linalialia peke yake halafu mnasema wazee walikuwa hawajui.

Zipo zitakazokataa hata zikisafishwa. Mimi ninazo, nilizozipigia wateja mpaka masikio yakaota sugu. Usijilazimishe. Vijana wanaojifanya kupenda zilipendwa ili waonekane na busara wanachosha kuliko kanda zenyewe.

Wewe wa Ujiji, kama humo zimo za Lake Tanganyika Jazz, bendi ya hapo hapo kwenu, usimwazime mtu kabla hujazihamishia kwenye kompyuta. Na sauti ya mtangazaji wa redio iliyonaswa kati ya nyimbo usiikate.