Mafuta ya Gobore: Kwa Nini Nimerudi kwenye Nta na Shahamu ya Kondoo

Gobore langu nililirithi kwa baba, na baada ya kukamilisha taratibu za umiliki polisi, mwaka wa kwanza nililitunza kama ninavyotunza pikipiki: nilipaka oili ya injini ndani ya mtutu na kulowesha humo humo kitambaa cha kuvikia risasi kabla ya kuishindilia mtutuni. Kufikia risasi ya tatu, mti wa kushindilia ulikuwa haupiti, na nilipousafisha ulikuwa na utando mweusi unaonata kama lami ya barabara kuu ya Dodoma kwenye jua la Oktoba.

Kosa halikuwa la gobore. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura (chumvi ya nitrati ya potasiamu), salfa na mkaa, haiungui yote ikawa hewa. Takribani nusu ya uzito wake hugeuka masizi na chumvichumvi, na sehemu ya uchafu huo hubaki mtutuni. Mafuta yatokanayo na petroli yakikutana nao kwenye joto huugeuza kuwa ulimbo, ilhali mafuta ya wanyama na nta huulainisha, ukafutika kwa kitambaa kibichi.

Sisi wa Kanda ya Kati hatuna sababu ya kuhangaika, kwa maana nta ya nyuki inapatikana Kondoa na Manyoni, na mafuta ya mkia wa kondoo yapo buchani. Ninayeyusha sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za shahamu wakati wa baridi ya Juni na Julai. Jua linapokuwa kali ninapunguza shahamu hadi sehemu mbili, ili mchanganyiko usichuruzike na kulowesha baruti. Chombo ninakiweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali kabisa na baruti. Shahamu isiwe imeonja chumvi hata kidogo, kwa kuwa chumvi huita kutu.

Kitambaa cha risasi kinachopakwa mchanganyiko huo kiwe pamba tupu, kilichofumwa kwa kubana, na kifuliwe kwanza ili wanga wa dukani utoke. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huacha jivu laini, wenye nailoni hujikunja kuwa kidonge kigumu, na kitambaa cha namna hiyo kitayeyukia mtutuni.

Ukishapiga shabaha na uwanja ukiwa salama, kaokote kitambaa. Kikiwa kizima, kimechakaa pembeni tu, mafuta yanatosha; kikiwa kimetoboka kwa kuungua, ongeza mafuta au tafuta kitambaa kizito zaidi.

Siku hiyo hiyo osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, kisha upake mafuta mepesi ya mashine kwa ajili ya kuhifadhi. Alizeti ya Singida ninaipenda sana jikoni, lakini ikikaa mtutuni kwa wiki kadhaa huganda na kunata. Mafuta hayo ya mashine nayo yafutwe yote kabla ya kushindilia tena, mpaka kitambaa kitoke kikavu.