Busta ya GPS Haiongezi Kitu

SWALI: Nabeba mizigo ya wageni kutoka gatini hadi nyumba walizokodi. Mgeni hunitumia alama ya mahali, nami naifuata kwa ramani ya bure ya Organic Maps kwa sababu haili bando. Nikiwa pwani, doa langu kwenye ramani liko sawa. Nikishaingia ndani ya mji linaruka, mara niko kichochoro cha tatu, mara juu ya paa la watu. Fundi ameniambia GPS ya simu imechoka, na kwamba ramani ya bure ndiyo inayoiharibu. Akaniwekea busta ya GPS, programu ya kuipa nguvu, kwa sh500. Tangu hapo simu inachemka na matangazo yanajifungua yenyewe. Je, kuna busta kali zaidi, au nianze kununua bando?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ndugu yangu, ing'oe hiyo busta kabla hujamaliza kusoma. Bando liache dukani.

Jibu umelitoa mwenyewe: pwani doa liko sawa. GPS iliyochoka haichagui mtaa. Ingekuwa mbovu, ingekuwa mbovu hata ukisimama gatini.

Simu yako haizungumzi na satelaiti. Inasikiliza tu. Satelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na mawimbi yake yanatufikia yakiwa dhaifu mno. Simu inapima yamechukua muda gani njiani, na kutokana na satelaiti nne au zaidi inakokotoa mahali ulipo. Ikikosea sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, umbali umekwenda kombo kwa mita 30. Sasa ingia mtaa wa Mkomani hapo Lamu: kuta nene za mawe ya matumbawe kulia na kushoto, ghorofa mbili au tatu, njia ambayo punda wawili waliopakiwa wakikutana mmoja hurudi nyuma, na juu kuna wikio, kile chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, imeziba hata ule ukanda wa mbingu uliosalia. Mawimbi hayakufikii moja kwa moja. Yanagonga ukuta kwanza, yanarefusha safari, na simu inaamini uko mbali kuliko ulipo. Ni kama adhana inayokukuta katikati ya vichochoro: sauti unaipata, lakini imedunda huku na kule hata hujui ni ya msikiti upi.

Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kuishusha satelaiti ipite chini ya wikio. Hili ndilo linalonikera, maana kila wiki naletewa simu yenye busta. Sisi wa Malindi hata hatuna udhuru. Pale Ngomeni minara ya San Marco ya kurushia satelaiti imesimama baharini tangu miaka ya sitini, na ndiko satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Bado mtu anauziwa picha ya sindano inayozunguka kwenye kioo na maandishi ya kijani, anaambiwa GPS yake imeongezwa nguvu.

Busta hizi nyingi zinaiacha GPS ikiwaka muda wote, ndiyo maana simu inachemka na betri inakwisha. Zile zenye kaukweli kidogo zinafuta taarifa za zamani za satelaiti na kupakua mpya, kazi ambayo simu huifanya yenyewe ikipata intaneti. Bando linasaidia hapo tu: kuharakisha mwanzo. Bila intaneti simu inangoja kila satelaiti itangaze njia yake, na tangazo hilo hurudiwa kila sekunde 30. Kwa hiyo ukiwasha simu iliyolala siku nyingi, simama mahali peupe dakika chache na usiifunike kwa kiganja.

(Kuna simu pia zinazokisia mahali kwa kutumia Wi-Fi za jirani. Mtu akihama Malindi na ruta yake kuja Lamu, usishangae simu ikakuambia kwa muda kwamba uko Malindi.)

Kuhusu kazi yako, iko shida nyingine ambayo hukuiuliza. Mgeni anayekutumia alama akiwa ndani ya nyumba, simu yake nayo imefungiwa na kuta zilezile. Alama yake inaweza kuwa imekosea kabla simu yako haijaanza kukosea. Mwombe jina la nyumba na jina la mwangalizi, na ukishafika, bonyeza kwa kidole mahali halisi kwenye ramani uhifadhi alama yako mwenyewe. Ramani hiyo inatoka OpenStreetMap, inachorwa na watu kama wewe tangu 2004. Nyumba isipokuwepo unaweza kuiongeza, na wenzako wote wakaipata.

Halafu hili la "ramani ya bure ndiyo inayoharibu". Organic Maps ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anayeujua aweza kuukagua, haina matangazo na haikufuatilii. Yule anayeisema vibaya ndiye aliyekuwekea kitu kisichojulikana kimetoka wapi, kutoka kadi ya kumbukumbu ya dukani kwake. Nenda Mipangilio, fungua Programu, tazama ruhusa za hiyo busta. Kitu cha satelaiti kinataka nini kwenye SMS zako? SMS ndimo zinamopita namba za siri za benki na ujumbe wa pesa. Ikikataa kuondoka, huenda imejifanya msimamizi wa kifaa: izime ruhusa hiyo kwanza, kisha iondoe. Ikiendelea kukaidi, washa simu katika hali salama (safe mode), ambamo programu za kuongezwa hazifanyi kazi, uiondolee humo. Ukimaliza badilisha nywila, na PIN ya pesa uibadilishe pia.

Ugonjwa huu si wa GPS peke yake. Iko busta ya RAM, kipoza betri, kisafisha simu, WhatsApp ya rangi isiyo rasmi. Kwenye kompyuta ni programu za "kusasisha draiva" na Windows iliyovunjwa kufuli, ambayo fundi akishaiweka anakuagiza uzime antivirusi kabla ya kuifungua. Fundi akikuambia zima ulinzi ndipo programu ifanye kazi, funga kompyuta yako uondoke nayo.

Kama bado una wasiwasi na antena, weka GPSTest, programu ya kupima mawimbi ya satelaiti, nayo ni huria. Vua kava, hasa lenye sumaku, maana hilo huichanganya dira na mshale ukaelekea kusiko. Simama gatini uangalie namba za nguvu ya mawimbi: satelaiti kadhaa zikipita 30, antena ni nzima na usikubali simu ifunguliwe. Zikiwa chini mno mahali peupe kama pale, na simu iliwahi kunywa maji ya chumvi au kubadilishwa kioo, hapo ndipo kuna kazi ya bisibisi.