Tiketi ya binamu Glastonbury

SWALI: Shikamoo anko. Binamu yangu ana tiketi ya Glastonbury, lile tamasha la muziki huku Uingereza, ila kazini wamemnyima likizo, anataka kuniuzia. Nitapita getini kweli? Na hema nalipia tena? Msomaji, Leicester.

JIBU: Marahaba. Hupiti, mwanangu. Tiketi ile ina picha ya binamu yako na getini wanakukodolea macho wewe kisha picha, kwahiyo mwambie awarudishie waandaaji mapema kama muda haujapita, ya kwako utaijaribu siku nyingine. Ukiipata, hema hulipii, kupiga kambi kumo kwenye bei, na mageti yanafunguliwa Jumatano ingawa majukwaa makubwa yanaanza Ijumaa, basi wewe fika mapema la sivyo utalala mteremkoni karibu na vyoo, na usiku mvua ikishuka ndo utanikumbuka. Beba gambuti. Chupa za glasi hapana, hata ile achari ya mama hamishia kwenye kopo la plastiki.

Ukali wote huu una historia bwana. Mwaka 2000 watu kibao waliruka uzio wakazidi mno idadi iliyoandikwa kwenye leseni, Michael Eavis, mwenye shamba tamasha linapofanyika, akapigwa faini, 2001 tamasha halikufanyika kabisa, 2002 wakarudi na uzio mrefu wa chuma. Siku hizi leseni iko chini ya halmashauri ya Somerset, mwisho ni kama watu 210,000 na wafanyakazi humohumo. Na anayekuuzia tiketi WhatsApp, achana naye.