Fasihi ya Dunia ya Leo: Anza na Anayesimulia

SWALI: Shikamoo Mhariri. Niko mwaka wa pili chuoni, nasoma fasihi ya dunia ya kisasa. Tahakiki zangu hurudi na maoni yaleyale: "Hii ni hotuba kuhusu jamii. Riwaya iko wapi?" Nitaonyeshaje kwamba kitabu kinagusa maisha ya leo bila kukiacha chenyewe?

JIBU: Marahaba. Mwalimu wako amesema kweli. Ukiandika kwamba riwaya "inazungumzia ukandamizaji wa wanawake", umetaja maudhui tu, na hayo hata gazetini yamo. Uliloruka ni fani, yaani namna kitabu kinavyosimuliwa.

Chukua The Vegetarian ya Han Kang wa Korea Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwanamke anaacha kula nyama, na jamaa zake wanamgeuka. Riwaya ina sehemu tatu. Ya kwanza anasimulia mumewe, ya pili inamfuata mume wa dada yake, ya tatu inamfuata dada mwenyewe. Mhusika mkuu, ukiacha vipande vya ndoto katika sehemu ya kwanza, hapewi nafasi ya kujieleza. Hapo ndipo pa kushika! Kila mtu anauamulia mwili wa mwanamke huyo, na wewe msomaji umewekwa upande wa wanaomtazama. Jambo hilo ripoti haiwezi kukufanyia, na ndiyo sababu fasihi hii inastahili kusomwa leo.

Kwa hiyo soma mara mbili. Mara ya kwanza andika namba za kurasa zilizokushtua, basi. Mara ya pili teua ukurasa mmoja, nakili aya mbili au tatu kwa mkono, kisha ujiulize: nani anaona? Nani anasema? Nini kimerukwa? Swali la jamii lije baada ya hapo, tena liwe jembamba. "Ukoloni" ni pana mno kwa kurasa tano. Katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Peponi, kijana Yusuf anaondoka na mfanyabiashara anayemdhani ni mjomba wake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Uliza basi: deni linajifichaje ndani ya undugu? Swali hilo lina kurasa za kulijibu, na madeni ya namna hiyo bado yapo duniani.

Epuka pia kuandika "Wakorea ndivyo walivyo". Riwaya moja si shahidi wa taifa zima.

SWALI: Nasoma tafsiri tu. Je, hoja zangu zina uzito?

JIBU: Zina uzito, mradi ujue tafsiri imebadilisha nini. The Three-Body Problem ya Liu Cixin ilitoka kama kitabu kwa Kichina mwaka 2008. Katika tafsiri ya Kiingereza ya Ken Liu (2014), sura za Mapinduzi ya Utamaduni (msukosuko wa kisiasa wa China enzi za Mao) zinafungua riwaya. Katika kitabu cha Kichina zilikuwa zimewekwa katikati. Ukijenga hoja yako yote juu ya "mwanzo wa riwaya", unazungumzia toleo la Kiingereza, na lazima useme hivyo. Hoja za matukio, wahusika na nafasi ya msimulizi kwa kawaida huvuka salama. Za mdundo wa sentensi au neno mojamoja ziache, isipokuwa una mtu wa kukusomea lugha ya asili. Soma maelezo ya mtafsiri kabla ya sura ya kwanza, na katika tahakiki yako taja jina lake, mwaka wa kitabu cha asili na mwaka wa tafsiri.